Mabaki ya Ujumbe

Tangu wazazi wake waache kusemezana, Sanober alishinda ngazini: mwambie baba yako, mwambie mama yako. Akachoka. Akaandika programu ya Java ya kutuma ujumbe kati ya duka lao la chini, mtaani Mtanda, na nyumbani ghorofani.

Baba, akiwa kaunta, alikuwa wa kwanza kumwandikia: “Mama yako bado amenuna? Nimemkumbuka.”

Sanober akamtumia mama neno moja la kujaribu: “Chai.”

Kilichomfikia mama ni: “Chai.yako bado amenuna? Nimemkumbuka.”

Seva inayopitisha ujumbe iliandika neno lake juu ya mwanzo wa ujumbe wa baba, ikabeba na mabaki yake. Sanober alisahau kuiamuru ikate pale ujumbe mfupi unapoishia. Alipoanza kurekebisha, kandambili za mama zikasikika zikishuka ngazini.

Mama akaweka kikombe cha chai mbele ya baba.

“Kwani wewe huna mdomo?” akamuuliza ana kwa ana.

Sanober akaliacha kosa lilivyo.