Kila Kitu Kiandikwe Jina

Kulikuwa bado giza niliposikia kifuniko cha kalamu ya wino kikifyatuka: tak!

Ndiyo siku niliyokuwa nahamia bwenini, mimi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwenye mtoto wa miaka mitano. Barua ya chuo ilisema kila kitu kiandikwe jina. Jana yake tuliandika ndoo, shuka, kufuli, mpaka kijiko.

"Kijiko cha nini?" aliuliza Pipi, binti yangu.

"Kikipotea, atakayekiokota ajue amrudishie nani."

Mama yangu alicheka. "Masomo ya jioni ya sekondari yamekuharibu, mwanangu. Kijiko nacho kina mwenyewe!"

Pipi hakucheka. Alipanda kitandani kwangu, nami nikalala nikiwaza kuwaandikia chuoni kwamba siji tena.

Sasa ncha ya baridi ya kalamu ilinigusa mkono. Nikajifanya nimelala. Pipi aliandika polepole, ulimi nje bila shaka, na herufi ya mwisho ikateleza hadi kwenye kiwiko.

"We mjukuu wangu, unafanya nini huko?" mama akauliza kutoka kitanda cha pili.

"Namwandika mama jina langu, akipotea wanirudishie."