Manyoya Ukutani

Uvumi ulishuka Bwera na lori la samaki la Katunguru, mwaka ule wa sitini na nane, na Kaswera akashindwa kuutoa kichwani: kwamba kuna filamu ya kutisha, inamwonyesha kila mtu kitu anachokiogopa kuliko vyote. Kasese walishaonyeshwa. Aliyetoka mbio alipandishwa gari la askari. Asiyefika alifuatwa nyumbani.

Majirani walicheka, wakasema watu wa Katunguru wamezidisha supu ya kiboko. Kaswera hakucheka. Askari walikuwa wanamtafuta mwanawe, Bwambale, aliyewafuata waasi mlimani. Kule Maliba alikotoka, Kaswera alishamwekea matanga, akasema surua imemuua. Bwera hakuna aliyemjua kwa sura. Kumbe Bwambale ndiye mpangaji wa nyumba yake, Stanislas, mchuuzi wa sabuni eti kutoka Butembo, na ndevu zake na Kiswahili chake cha Kongo.

Risasi hazikumtisha Bwambale. Kuku, ndiyo. Tetea mwenye vifaranga alimdonoa usoni akiwa na miaka mitatu, na tangu siku hiyo unyoya mmoja ulitosha kumtapisha.

Siri hiyo Kaswera alishampa mtu. Alikuwa akibambua karanga na Jolly, mke wa askari Omara, rafiki aliyemletea sukari hata sukari ilipoadimika. Alisimulia kama mtu anavyomkumbuka marehemu wake. Jolly alicheka mpaka machozi.

"Sasa kuku ikipita, mama, weye ulikuwa nafanya nini?"

"Namfunika macho na leso, dada. Ningefanya nini?"

Filamu ilifika Jumamosi mchana, ndani ya ghala la pamba, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Mlangoni Stanislas alimnong'oneza, "Mama, ikaa mbali na mimi. Mi niko mupangaji tu." Kaswera akaitikia kwa kichwa. Miguu yake ikampeleka benchi la tatu, lile lile alilokaa yeye. Jolly akakaa nyuma yao, akamgusa bega kumsalimu.

Mashine ikanguruma. Zimwi halikutokea. Ilikuwa filamu ya kufundisha ufugaji, na jogoo mkubwa kama nyumba akakung'uta mbawa zake ukutani, manyoya yakaruka.

Ghala likaangua kicheko. Mzee Tefiro akauliza hii ya kutisha iko wapi, au waende kuleta chumvi.

Stanislas hakukimbia. Jasho lilimtiririka shingoni, kucha zikauma mbao ya benchi, lakini alitazama. Kuku wa kwanza, wa kumi, banda zima. Mwishoni akacheka na wenzake, kicheko cha kweli. Woga wa tangu utotoni ulimwishia pale, na mama yake akashukuru Mungu.

Mablanketi yakashushwa. Hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa ametoka mbio. Askari wakaja moja kwa moja mpaka benchi la tatu.

Wenye watoto, jiepusheni na haya:

Kumsimulia rafiki kile mwanao anachokiogopa, hata kama ulishamwekea matanga.

Sukari ya mtu anayeuliza sana.

Kukaa benchi moja na mpangaji.

Na leso. Kuinua leso jogoo anapokung'uta mbawa, hata kwa nukta moja, ukamfunika macho mwanamume mzima mwenye ndevu.