Bidoni Yenye Kitambaa Chekundu

Komanda Michée aliipokea bidoni, dumu la plastiki, akaichungulia ndani, akaipenda. Ilikuwa nyeupe, mpya, na Papa Sébastien alikuwa ameifunga kitambaa chekundu shingoni.

"Hii njo ya weye peke yako," mzee alimwambia. "Za maaskari wako hazina alama. Yako isichanganyikane na ya muntu."

"Ichanganyikane namna gani?" Komanda alicheka kwa pua. "Mukojo wa askari kama Glody na wangu ni kitu kimoja?"

Akarudi kukaa juu ya mfuko. Hicho ndicho kilikuwa kiti chake pale bariyeri, kizuizi cha askari kwenye barabara ya Kabimba: mfuko wa mbolea aliomnyang'anya mzee huyohuyo wiki iliyotangulia, eti hauna karatasi. Mzee alikuwa amelia kwamba bila mbolea bustani yake imekufa. Komanda alimwambia akalime mawe. Watu wa majembe aliwajua: machozi yako karibu, akili iko mbali. Kila Jumanne walipita na vikapu kwenda sokoni, na kila Jumanne aliwapunguzia mzigo bila hata kunyanyuka.

Ila huyu Sébastien, kabla ya kustaafu, alikuwa amepima mikojo hospitalini miaka thelathini. Na Komanda alikuwa na jambo ambalo hakutaka hospitali yoyote ilijue. Miaka minne ya ndoa, mke wake Syntiche hajashika mimba. Wakwe wa Moba walikuwa wametuma neno: baada ya miezi mitatu wanakuja, na wasipoona karatasi inayosema yeye ni mwanaume kamili, wanaondoka na binti yao. Ndipo, siku mbili kabla ya bidoni, alikuwa amemvuta mzee pembeni na kumweleza, kwa sauti ya kuamuru, lisije likaonekana ni ombi.

Papa Sébastien alifikiri kidogo, macho yakiwa kwenye ule mfuko. Kisha akafungua domo.

Zamani, alisema, Wajerumani walitaka kujua uanaume umetengenezwa na nini. Wakakusanya mikojo, lita elfu kumi na tano. "Na ya nani, Komanda? Ya mapadri? Hapana. Ya wavuvi? Hapana. Ya polisi!" Wakachemsha, wakachuja, wakachemsha tena, mwisho wakabaki na unga usiojaza ukucha. Huo ndio mabaki ya homoni ya kiume, mwili ukishamaliza kuitumia.

"Ya polisi," Komanda alirudia. Mgongo ulimnyooka wenyewe.

"Sasa, hizo homoni zinatoka wapi? Zingine zinatoka huko chini unakojua. Lakini nyingi zinatoka kwenye vikofia viwili vilivyokaa juu ya figo. Hata wanawake wanavyo."

"Wanawake waache kwao. Pima za chini."

"Zote zinashukia njia moja, Komanda. Njo maana nataka mukojo mwingi, wa weye na wa maaskari, nipate kulinganisha. Kila siku. Sabuni isiingie. Bidoni zikae kivulini, zifungwe kabisa, harufu isitoke. Kazi yote iko mule."

Ikawa amri. Askari sita wa bariyeri walikojoa bidonini, mvua au jua. Glody, aliyenung'unika kuliko wote, akapewa kazi ya kuzipeleka kwa baiskeli kila asubuhi na kuziacha nje ya uzio wa mzee. Komanda mwenyewe alikunywa maji kama ng'ombe. Na alimdharau mzee kwa raha isiyo kifani. Mtu mzima, tena wa shule, leo anapokea mikojo ya wenzake na kusema aksanti!

Kila Jumanne alimsimamisha.

"Majibu?"

"Yanakuja muzuri, Komanda. Ya weye hasa."

Komanda akaingiza mkono kapuni. Lile kapu moja la mzee lilikuwa limekuwa mawili, kisha manne, na nyanya zilikuwa kubwa kama ngumi. Bustani iliyokufa! Wakulima ni waongo tangu tumboni.

Jumanne ya mwisho ya ile miezi mitatu, alfajiri, wakwe wakashuka kwenye boti ya Moba: Papa Nicolas, baba mdogo wa Syntiche, na wazee wengine wawili wasiocheka. Saa mbili asubuhi Komanda alikuwa tayari bariyeri, akimngoja mzee.

"Leo nachukua kapu zima. Nina wageni. Na karatasi yangu?"

"Saa sita upitie kwangu, utaona kila kitu." Papa Sébastien hakubisha. Alipekua makapu yake, akalivuta moja la nyuma kabisa, nyanya zake zikiwa nyekundu kupita zote. "Beba hili, Komanda. Hili njo la weye peke yako."

Glody akalikimbiza nyumbani kwa Syntiche.

Saa sita Komanda alipanda pikipiki hadi kwa mzee, akasukuma mlango wa uzio kwa buti. Alitegemea meza, chupa, vipimo. Kulikuwa na bidoni tupu zilizoanikwa juu ya uzio, na mistari ya nyanya iliyolemewa hadi kulala. Kwenye mstari wa kwanza, uliopita yote kwa urefu, kijiti kilikuwa kimefungwa kitambaa chekundu. Papa Sébastien alikuwa amechutama hapo, akimimina bidoni katika ndoo ya maji, akikoroga taratibu kwa fimbo, akimwagia mashina.

Simu ya Komanda ikalia. Alikuwa Syntiche, na nyuma yake vijiko viligonga sahani.

"Papa, karatasi wameisahau kwanza. Papa Nicolas anaongeza muchuzi mara ya tatu. Anauliza, hizi tomati tamu hivi zinatoka wapi?"