Sala ya Aikande Yakataliwa

Siku hizo kila sala ya nyumbani ilikaguliwa kwanza na chombo cha kanisa kilichobandikwa ukutani. Ndetaulwa alipozidiwa na homa, mkewe Aikande alipiga magoti, akaomba kwa Kichaga alichofundishwa na mama yake, akimwita Mungu Ruwa.

“Sala imekataliwa,” kilisema chombo. “Umeliomba jua.”

Aikande alisonya. “Dude jinga! Kwetu jua na Mungu jina ni moja, na ninayemwita namjua. Wewe unamjua nani?”

“Mama, sema tu Mungu,” bintiye alimsihi. “Watatufuta ushirika.”

Aikande alimpuuza, akaomba mpaka mgonjwa akaitikia, “Amina.” Alipogeuka, alimkuta bintiye amepiga magoti mbele ya chombo, akikiomba msamaha.