Nyoka kwenye Stoo ya Midoli

Mwalimu wa chekechea alisukuma mlango wa stoo ya midoli, akasimama palepale. Nyoka mweusi alikuwa akipita juu ya kiatu cha mtoto waliyemwita Cherehani.

Aliitwa hivyo kwa sababu hatulii hata akilala. Asubuhi hiyohiyo, kwenye somo la wanyama, mwalimu aliwaambia watoto: ukikutana na nyoka usimguse wala usikimbie, simama tuli mpaka aende zake. Wote waliigiza kusimama. Cherehani peke yake alicheka mpaka akagaagaa mkekani.

Sasa alisimama wima kama mlingoti, macho yamemtoka pima. Soksi yake moja ilikuwa imeshuka, na mkia wa nyoka ukaipangusa taratibu, bila haraka yoyote.

Mwalimu hakuthubutu hata kumeza mate.

Nyoka akapenya kwenye ufa wa ukuta, akatokomea nje majanini.

Mwalimu alimnyakua mtoto, akamkagua miguu yote miwili, akairudia tena. Hakukuwa na hata mkwaruzo. Akakaa chini naye mapajani.

"Ameshaondoka, mwanangu. Uko salama."

Cherehani, mashavu yamemvimba kwa pumzi aliyoibana, akanong'ona:

"Mwalimu, sasa nipumue?"