Biskuti za Mtama na Ulezi

Oliva alikuwa anatoa trei ya pili ya biskuti kwenye oveni ya mkaa alipoona vidole vya mama mkwe wake. Vilikuwa na rangi ya waridi mpaka ndani ya kucha.

“Mama, mtama uliosaga asubuhi uliutoa wapi?”

“Wa kwenye debe ulikuwa umeisha. Nikachukua ule wa kwenye mfuko, pale juu ya kabati.”

Ulikuwa mtama wa mbegu, uliopakwa dawa ya wadudu yenye rangi ya waridi. Oliva mwenyewe alikuwa ameuchanganya unga wake na wa ulezi na wa maharage, na wekundu wa ulezi ukaificha ile rangi. Biskuti hizo zilikuwa za watoto wa kijiji cha Gendabi ambao kila mwezi kliniki walionekana hawaongezeki uzito.

Akamwaga trei nzima kwenye jivu. Kisha akatazama mezani. Sahani ya biskuti za kwanza haikuwepo.

“Zile nyingine ziko wapi, mama?”

“Nimempelekea jirani, pale bomani kwake,” mama mkwe alisema, akijifuta vidole kwenye kanga. “Yule mtoto wake mdogo leo amekula vizuri. Ameomba nyingine.”

Oliva alikuwa ameshafika uani, anakimbia peku.