Kisasi cha Kachori

Bendera ilikuwa ndani ya koti la Piedade, na mbwa wake Kachori alikuwa amekatazwa kubweka.

Wawili hao walijibanza nyuma ya mwerezi mnene. Chini yao, kwenye kijito, mwanamume mrefu mwenye ndevu za mvi alikuwa akizunguka kichaka kimoja kama kuku aliyesahau alikotaga. Alitazama ramani. Alitazama dira. Mwisho alitazama mbinguni, nako hakujibiwa.

"Zunguka, baba," Piedade alinong'ona. "Zunguka mpaka theluji ianguke."

Kachori alitikisa mkia. Mguu wake wa nyuma ulikuwa bado kwenye bandeji ngumu, na hiyo ndiyo ilikuwa kesi yenyewe.

Wakazi wa Agincourt, pembezoni mwa Toronto, wanaotembeza mbwa katika msitu ule hawajawahi kuelewa wale wakimbiaji wa ramani wanatafuta nini. Wanatokea Jumapili moja moja, wanakimbilia vibendera vya rangi ya chungwa na nyeupe, kisha wanapotea. Jirani mmoja alidhani ni polisi wanatafuta maiti. Mwingine aliapa ni wapimaji ardhi. Eti msitu umeshauzwa, magorofa yanakuja. Piedade mwenyewe, alipomwona wa kwanza akichomoka kichakani na matope hadi masikioni, alidhani anawakimbia watu wa uhamiaji, akamwonyesha njia ya kutorokea. Aliwacheka wote bila ubaguzi, hadi siku mmoja wao aliporuka gogo akatua juu ya Kachori.

Mbwa alipiga ukelele. Mtu yule hakugeuka. Alitazama saa yake ya mkononi, akaendelea na mbio. Piedade aliambulia kuona mgongo na miguu mirefu yenye tope.

Jumapili iliyofuata alirudi na Kachori kifuani, akawa anamtukana kwa Kiswahili kila aliyepita na ramani. Mmoja akasimama.

"Dada, hilo tusi sijalisikia tangu nitoke Mwanza."

"Mimi nimekuja nalo kutoka Kisumu. Na lako lipo, ngoja zamu."

"Kisumu! Basi tumekunywa ziwa moja." Akacheka, akavua kofia. "Naitwa Zameer. Ni mmoja wa hawa wendawazimu wanaolipa ili wapotee."

Toronto hii, ukisikia Kiswahili katikati ya miti, unafungua moyo kabla hujajua unamfungulia nani. Piedade alimweleza yote. Zameer alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Aliponyoosha mkono kumpapasa Kachori, mbwa alijichimbia kwapani mwa Piedade.

"Bado anaogopa watu," Piedade alimtetea.

"Haki yake." Zameer akaurudisha mkono. "Huyo mtu namjua. Kumail. Mrefu, ndevu za mvi. Akiwa mbioni hata bibi yake anamruka. Mwezi ujao atakuwa hapa, kwenye mashindano."

"Nitamvunja mguu."

"Utafungwa, dada. Mvunje moyo."

Akachuchumaa, akachora ardhini kwa kijiti. Wakimbiaji huachiwa mmoja mmoja, wakazitafute bendera kwa ramani na dira, na bingwa, yaani Kumail, huachiwa wa mwisho. Kila bendera ina kitobozi chake. Usipotoboa kadi yako kwenye kila bendera, huhesabiwi.

"Mimi naachiwa kabla yake tu. Nikishapita, ichukue ile ya kwenye kijito. Akichoka kutafuta akaenda zake, irudishe palepale. Akilalamika, waamuzi watakwenda kuangalia, na wataikuta."

"Na wewe unanisaidia kwa nini?"

"Mbwa hana mdomo wa kujisemea."

Piedade alimwombea baraka siku hiyo, yeye na kizazi chake.

Sasa, pale kijitoni, Kumail alikata tamaa, akapanda kilima akitweta. Piedade aliifunga bendera kwenye tawi lake, akakiweka kitobozi sawa, kisha akaenda kwenye mstari wa kumalizia kula kisasi chake kikiwa moto.

Kilikuwa kitamu. Kumail alilalamika, mwamuzi akaenda kijitoni, akaikuta bendera inapepea bila wasiwasi, akarudi anajizuia kucheka. Kadi ya bingwa ikafutwa. Zameer akainua kikombe cha ushindi juu, na kutoka mbali akamkonyezea Piedade jicho.

Kumail aliketi kwenye nyasi, anakung'uta viatu. Piedade alimfuata, maana kisasi kisichotangazwa ni nusu kisasi. Kachori alimtangulia kwa kuchechemea, akaanza kulamba mikono ya yule bwana.

"Umeonja?" Piedade aliuliza kwa Kiswahili, hata salamu hakuna.

Uso wa Kumail ulichangamka. "Mama! Kumbe kuna Kiswahili huku? Na huyu maskini, nani kamuumiza?"

"Nani kamuumiza! Si wewe, pale kwenye gogo, mwezi uliopita?"

"Mimi?" Kumail alibaki na kiatu mkononi. "Mama, nimetua jana kutoka Calgary. Msitu huu nimeuingia leo kwa mara ya kwanza, na umenitia aibu."

 Zameer amekosea mtu, Piedade alijiambia. Binadamu hukosea.

Mwanamke aliyekuwa akigawa machungwa alifika, akaiona bandeji, akaweka sahani chini.

"Jamani, ndiye huyu? Pole, dada. Mimi Naheed, mke wa Zameer. Siku ile alirudi nyumbani hata chakula hakigusi. Alisema aliruka gogo, hakumwona. Nikamwambia, hapana, kamtafute mwenye mbwa umwombe radhi kwa mdomo wako." Alimkuna Kachori shingoni. "Nimefurahi alikupata."

Piedade alimkabidhi kamba ya mbwa.

"Nishikie kidogo," alisema, akaenda kumtafuta mwamuzi.